Mughwai wa Ridhimu na Mtani Wake

Siku tuliyomzika mume wangu, kijana wa kanisani alisimama akasoma wasifu wa marehemu. Melkizedeki Mughwai, mzaliwa wa Ilongero, karani mstaafu wa ushirika, ameacha mjane na mtoto mmoja. Akakunja karatasi yake, akaketi. Karani! Nilikuwa nimejitanda khanga, nimechoka kwa kulia, lakini nusura ninyanyuke nimnyang'anye karatasi ile. Ukarani ulimlisha tu. Kazi yake hasa ilikuwa nyingine, na pale Singida Mjini kila aliyekuwa na akili zake wakati wa ruksa anaijua. Wanajifanya wamesahau, maana wakimkumbuka yeye itabidi wakumbuke na walivyomtendea.

Halafu kulikuwa na hili la pili, lililowafanya watu wanong'one: Mnyaturu mzima alizikwa bila mtani. Watani zetu Wanyamwezi wamejaa mjini, na mtani ndiye anayeuchangamsha msiba. Anavaa kofia ya marehemu, anaigiza mwendo wake, anaingia kaburini na kugoma kutoka mpaka apewe kitu, na wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka. Kwetu alikuja Mnyamwezi mmoja tu, mzee Antipasi wa Itigi. Akanipa mkono, akasema, "Pole sana, mama," akaenda kukaa nyuma kabisa. Hakutania hata neno moja. Aliondoka kabla ya chakula. Shoga zangu wakaniuliza, "Mama Peniel, yule si ndiye mtani wa marehemu?" Nikawajibu, alikuwa.

Basi wasifu nitausoma mimi, Damari, niliyempikia na kugombana naye maisha yangu yote.

Melkizedeki alizaliwa kwenye nyumba ya ng'ombe na uwele. Baba yake mdogo alikuwa na redio, na kwa hiyo redio mtoto akaharibika. Bendi za dansi zilipopigwa, zile ambazo zamani zote zilijiita jazi hata kama hazina tarumbeta, alikuwa anasahau ng'ombe wanaingia kwenye uwele wa watu huku yeye anagonga kibuyu. Alipigwa sana kwa ajili ya kibuyu hicho. Alipokua akajaribu gitaa. Mwalimu wake alikuwa Laurian, mpiga gitaa la ridhimu wa bendi ya pale mjini, rafiki yake wa tangu shule. Laurian alihangaika naye, mwisho akamwambia, "Kaka, vidole vyako ni vya jembe. Lakini masikio hayo, mshukuru Mungu." Ndiyo maana akawa karani mwenye masikio.

Mimi ni mtu wa Ihanja, niliolewa sijui habari za jazi. Jumapili ya kwanza baada ya harusi akanipeleka bugi, lile dansi la mchana. Nimevaa viatu vyangu vya harusi, nimejipulizia marashi. Akakata tiketi zetu mlangoni vizuri, halafu badala ya kuingia akanishika mkono tukazunguka nyuma ya ukumbi, mpaka chini ya kidirisha kilicho karibu na choo. Akaegemea ukuta, akafumba macho. Nikamuuliza, "Baba, tumelipa tukae chooni?" Akasema, "Ndani watu wanacheza, bia inacheza, na taa zinacheza. Ukiwa ndani kila bendi ni nzuri. Hapa ukutani inakuja bendi yenyewe." Harufu ile sitaisahau. Hapo ndipo nilipojua nimeolewa na nani.

Ikaja ruksa, serikali ikafungulia biashara. Maduka yaliyokuwa na chumvi na kiberiti tu yakajaa sabuni za rangi, mitumba, na kanda za muziki. Bendi zikaja kutoka Dar, Tabora, Dodoma, kila mwenye ukumbi anataka yake. Mume wangu akasema kama kila kitu kimeruhusiwa, hata yeye ana lake. Akamwomba mkubwa wake pale ushirika atumie taipureta na mashine ya kudurufu baada ya saa za kazi, atoe kijigazeti cha muziki. Mkubwa akakubali, mradi nyuma ya gazeti watangaze bei za alizeti. Ndivyo lilivyozaliwa Ridhimu. Aliliita hivyo kwa sababu, alisema, katika bendi wote wanamtazama mpiga solo, na anayeubeba wimbo mgongoni ni mpiga ridhimu, hakuna anayemjua hata jina. Alikata stensili kwa mkono wake, mimi na Peniel tukazishona kurasa kwa uzi wa magunia. Wino ule uliharibu vitambaa vyangu vyote vya meza.

Safu yake iliitwa Nje ya Ukumbi. Ilikuwa fupi na haikuwa na adabu. Kuna bendi kubwa ilitoka mbali na vyombo vipya, akaiandikia hivi: "Mpiga solo alipiga sana na hakusema kitu. Mpiga ridhimu alisema kimoja, nikaenda nacho nyumbani." Kiongozi wa bendi hiyo alikuja kwangu na beberu, ati zawadi. Melkizedeki akamwambia, "Beberu ni mzuri, ana sauti kukuzidi," akamrudishia kamba. Wee! Mji ulicheka wiki nzima. Ridhimu lilipanda mabasi likaenda Manyoni, Kiomboi, hata Babati. Walimu, manesi, madereva wa malori, wote walilisubiri. Akisema bendi fulani ni ya kuisikia, wanawake walikuwa tayari kuuza kuku wapate tiketi. Akisema kaeni nyumbani, ukumbi unalala mtupu. Hakuwa na shamba la maana wala nyumba ya bati zima, jamani. Alikuwa na neno lake, na watu waliliamini. Hiyo ndiyo ilikuwa mali yake.

Sasa Antipasi. Huyu alikuwa na kibanda cha kanda karibu na stendi, mtoto wa mfanyakazi wa reli wa Itigi, mrefu, mcheshi, ana kicheko cha kuamsha mtaa. Alikuja ofisini kwa mume wangu anafoka: "Yuko wapi Mnyaturu anayeniharibia biashara? Kanda za bendi uliyoisema vibaya zimenidodea!" Mume wangu akamtazama tu, akauliza, "Wewe kabila gani?" "Mnyamwezi." "Kumbe ni mtumwa wangu! Ondoa miguu yako michafu ofisini kwangu." Wakaangua kicheko, wakakumbatiana. Tangu siku hiyo hawakuachana.

Asiyejua utani wetu anielewe hapa. Mtani anakutukana unacheka. Anaigiza sauti yako mbele za watu unacheka. Anachukua kitu chako anasema, "Hiki changu," na wewe hudai, unangoja siku ukachukue chake. Antipasi alikuja kwangu akabeba jogoo wangu wa mbegu kwapani, ananiambia, "Shemeji, huyu amesema kwako ananyanyaswa." Mwezi uliofuata Melkizedeki akatoka kibandani kwake amevaa viatu vya Antipasi, Antipasi anamfuata pekupeku kwenye changarawe. Mkikasirika, anayekasirika ndiye mwenye makosa, na wazee wanamtoza faini. Ndivyo tulivyolelewa na wala sisemi ni vibaya.

Antipasi akawa ndiye anayelisambaza Ridhimu. Alikuwa analipeleka stendi, analipigia debe, na sauti ya mume wangu alikuwa anaiigiza mpaka mimi mwenyewe nageuka. Alikula kwangu ugali wa uwele na mlenda kama mtoto wa nyumbani. Nitasema ukweli, mume wangu hakuwahi kucheka na mtu mwingine alivyocheka na Antipasi. Hata na mimi.

Halafu ushirika ukaanza kupunguza watu, na mume wangu akamwaga unga. Ofisi ikafungwa, na mashine ya kudurufu ikafungiwa humo humo. Ridhimu likakosa kutoka. Siku zile magazeti ya watu binafsi yalikuwa yanachipuka Dar kila kukicha, na Melkizedeki akapanga alisajili lake, lichapwe huko kwa mashine za kisasa. Maana mpaka hapo lilikuwa halijasajiliwa popote, lilikuwa limejificha tu chini ya bei za alizeti. Antipasi, ambaye alikuwa anafuata kanda Kariakoo kila mara, akasema, "Niachie mimi, mtani. Unaenda Dar wewe, si utapotea hata chooni?" Tukacheka.

Siku ya kipaimara cha Peniel nyumba ilijaa. Wazee wa mtaa walikuwepo, Laurian na bendi yake walikuwepo. Katikati ya pilau Antipasi akasimama na soda yake, akapaza sauti: "Wanyaturu, nisikilizeni! Hili Ridhimu la mtani wangu nimelichukua. Kuanzia leo langu!" Watu wakapiga vigelegele. Mume wangu akasimama naye, anacheka mpaka anashika tumbo: "Lichukue, mtumwa wangu! Mbele ya wote hawa nakupa. Libebe kichwani mpaka Itigi!" Wakazidi kushangilia. Mimi sikucheka. Mtani akichukua kitu humtazama mwenye kitu, aone atakavyoruka. Antipasi alikuwa anawatazama wageni, mmoja mmoja, kama anayehakikisha wamesikia. Nilimwambia mume wangu baadaye kwamba yule mtu hakutania. Akaniambia, "Damari, nawe umeanza kuwa mgeni wa utani?"

Ikapita miezi. Siku moja alasiri Laurian akaja nyumbani ameshika gazeti lenye jalada la rangi, msichana anacheka, na juu limeandikwa Ridhimu. Hakuketi. Alikuwa mtu mpole sana Laurian, lakini siku hiyo hata salamu hakutoa. "Kaka," akasema, "haya umeandika wewe?"

Ilikuwa ni Nje ya Ukumbi, na chini yake jina, Melkizedeki Mughwai. Ndani ya jalada, penye jina la mwenye gazeti, paliandikwa Antipasi. Safu ilisifia bendi moja mpya ya Dar, Kilele Sterio, mali ya yule tajiri wa kanda aliyekuwa anamuuzia Antipasi mzigo. "Nilisimama nje ya ukumbi kama kawaida yangu," gazeti lilisema, "na kwa mara ya kwanza nikatamani kuingia." Na mbele kidogo likasema kwamba bendi za mikoani, zenye magitaa ya zamani na wapiga ridhimu wazee, zipumzike sasa.

Mume wangu alisoma mara moja. Akasema, "Sikuandika." Laurian akasema, "Ni maneno yako, kaka. Ni mwendo wako." Na kweli ulikuwa mwendo wake. Antipasi alikuwa ameuigiza barabara, kama alivyokuwa anaigiza sauti yake mezani kwangu.

Kilele Sterio wakaja Singida. Mji mzima ulikuwa umesoma. Bugi ile watu walijaa mpaka nje ya geti, na Melkizedeki akaenda, nilimsihi asiende, kichwa kigumu. Alikata tiketi yake, akazunguka nyuma, akasimama pale pale. Nilikuwa naye. Wimbo wa kwanza haukuwa umefika katikati akafumbua macho, akaniambia, "Humo ndani hakuna mtu." Sikumwelewa. Wakaendelea, nikachungulia kidirishani, vijana wanaruka na magitaa, watu wanashangilia. Ghafla umeme ukakatika. Magitaa yakanyamaza, sawa. Mwimbaji akanyamaza, sawa. Lakini na ngoma zikanyamaza! Mpiga ngoma ameinua vijiti, ngoma ziko mbele yake, na hakuna sauti. Mtu mmoja ndani akapiga kelele, "Tangu lini ngoma ikala umeme?" Kumbe yote ilikuwa kanda. Walikuwa wanachezesha midomo na mikono tu.

Watu wakatoka kwa hasira. Na unajua walikwenda wapi? Hawakwenda kwa wenye bendi, hao walikuwa wamejifungia. Walizunguka nyuma ya ukumbi, maana mji mzima ulijua Mughwai husimama wapi. Wakamkuta ameegemea ukuta wake. "Mughwai, wamekununua!" "Umekula na nani?" Mmoja akamtemea mate kwenye shati. Akatokea nesi mmoja, Cecilia, msomaji wake tangu toleo la kwanza, mwanamke wa heshima zake. Huyo hakufoka. Alimwambia, "Mimi nilikuwa nakuamini wewe kuliko redio," akaondoka. Laurian alikuwa amesimama pembeni na gitaa lake mgongoni. Nilimkazia macho aseme chochote. Akainamisha kichwa, akafuata wenzake.

Mume wangu alisema, "Sikuandika," mara ya kwanza, mara ya pili, halafu akaacha. Angelisema wapi tena? Gazeti la kusemea ndilo hilo alilonyang'anywa.

Krismasi Antipasi akarudi, mkavu wa macho, suruali imenyooka, na kreti ya soda kwa ajili ya watoto wa mtaa. Melkizedeki akaita wazee. Mimi nilisema moyoni, leo leo. Akawaeleza yote, bila kupamba. Wazee wakamgeukia Antipasi. Antipasi akacheka kile kicheko chake: "Jamani, si alinipa mwenyewe? Nyinyi hamkuwepo kwenye kipaimara? Na kuigiza maneno ya mtani ni kosa tangu lini? Mbona nimemwigiza miaka yote mnacheka? Leo ameona rangi kwenye jalada, roho inamuuma!"

Wazee wakaanza kutikisika mabega. Kicheko kikawatoka. Mume wangu akasimama, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akampigia mtani wake kelele: "Umeniibia, Antipasi! Umeniibia kinywa changu!"

Mzee mmoja akakohoa. Akasema kwa upole kabisa kwamba Mnyaturu hamkasirikii Mnyamwezi, na kwamba Mughwai amevunja utani mbele ya wazee, kwa hiyo atoe mbuzi. Mungu wangu! Aliyeibiwa atoe mbuzi! Nikafungua mdomo, mume wangu akanizuia kwa mkono. Akaenda zizini, akamleta mbuzi wetu jike. Akachinjwa pale pale, akaliwa. Antipasi alikula, akamsifia mbuzi kwa kunenepa, akatoa na mzaha kuhusu mapishi yangu. Nilivunja sahani mbili siku hiyo, na sikuzidondosha.

Baada ya hapo Melkizedeki akarudi Ilongero kulima alizeti. Hakukanyaga ukumbi tena. Bendi ikipita na gari la matangazo, anaingia ndani. Ridhimu la Dar lilitoka matoleo machache likafa, kama yalivyokufa mengi ya wakati ule, na Antipasi akarudi kwao Itigi. Laurian alikuja kuomba radhi siku moja, akaja na gitaa, ampigie kidogo. Mume wangu akampa kiti na uji, wakaongea habari za mvua.

Kisha baba yake Antipasi akafa, yule mzee wa reli. Habari zilipotufika mume wangu aliamka asubuhi akavaa koti. Nikamwambia, "Unakwenda wapi? Kwa mwizi?" Akasema, "Msiba ni msiba." Nikaenda naye, nisije nikasimuliwa.

Tulipofika Itigi uwanja ulikuwa umejaa. Wanyamwezi walipomwona wakachangamka: "Mtani amefika! Mnyaturu amefika!" Wakampisha njia. Kofia ya mzee, ile ya zamani ya reli, walikuwa wameitundika kwenye msumari mlangoni, makusudi, wanamsubiri yeye aje aivae. Hata mjane alikuwa ameanza kutabasamu. Antipasi alikuwa mlangoni chini ya kofia ile, macho mekundu, amekonda. Akasema kwa nguvu, watu wote wasikie, "Wewe Mnyaturu mchafu, umechelewa! Mzee amekataa kuzikwa mpaka uje umtukane!"

Melkizedeki akavua kofia yake mwenyewe. Akamsogelea mjane kwanza, akainama. "Shikamoo, mama. Pole sana." Halafu akamgeukia Antipasi, akampa mkono. "Pole sana, Bwana Antipasi. Mungu awatie nguvu."

Antipasi hakuuachia ule mkono. Akajaribu tena, chini chini, na kicheko hakikutoka: "Mtani. Nitukane basi." Mume wangu akasema, "Mimi nimekuja kuhani tu, bwana." Antipasi akasema, "Basi sema chochote, hata kuhusu gazeti." Mume wangu akautoa mkono wake taratibu, akaenda kukaa na wageni wa mbali. Yule mzee alizikwa kimya kimya, bila hata mtu mmoja kucheka. Mwanawe alilia kaburini mpaka akashikwa. Sikumwonea huruma, na mpaka leo simwonei.

Tulirudi kwa lori la mahindi, tumekaa juu ya magunia. Tulipokaribia kuingia mjini ndipo akafungua mdomo. "Nilikuwa nimeandaa utani mzuri sana wa mzee yule," akasema. "Wa ile kofia yake."

Nikamuuliza, "Upi?"

Akaniambia wote, tangu mwanzo, mpaka sauti ya mzee akaiigiza na filimbi ya treni akapiga. Ulikuwa mzuri kweli. Tukakaa tu pale juu ya magunia, hakuna aliyecheka.